Nilivyokwenda Kusomea Jasho

Kila mwaka vijana wakishapangiwa vyuo, hakosekani mmoja wa kuja kubisha hodi kwangu hapa Vwawa. Anaingia, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, anakunywa chai nusu kikombe, halafu anatoa lililomleta: "Mwalimu, chuo nimepata, ila nimepangiwa Sayansi ya Mazoezi. Nyumbani wananicheka. Hivi hii kozi ina maana yoyote?"

Huwa namjibu kwamba kozi hiyo imenilisha mpaka nimestaafu, na meno bado ninayo. Lakini jibu la namna hiyo halimtoshi kijana. Anataka kujua anakwenda kusoma nini hasa, na akirudi atakuwa nani. Nimechoka kueleza kwa mdomo, chai nayo inaisha. Basi kaeni niwaandikie.

Na mimi nilichekwa. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa kule Ihanda, mtu wa maneno machache, lakini machache hayo aliyanoa. Nilikuwa tayari mwalimu wa michezo, nimefundisha miaka kadhaa kwa cheti, nilipopata nafasi ya kwenda kusoma shahada Dar es Salaam. Nikamfuata shambani kumuaga. Akasimamisha jembe.

"Unakwenda kusomea nini vile?"

"Mazoezi, baba. Namna mwili unavyofanya kazi mtu akikimbia, akibeba, akitoka jasho."

"Unasafiri mpaka Dar es Salaam kusomea jasho?" akauliza. "Mbona hapa shambani lipo bure, na halina mtihani?"

Jirani aliyekuwa upande wa pili wa mgomba akacheka mpaka akakaa chini. Kufika Jumapili kanisa zima wananiita Mwalimu Jasho. Jina hilo nimestaafu nalo. Wanafunzi wangu wengine, hata leo, jina langu la ubatizo hawalijui.

Niseme ukweli kuhusu mwaka wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mtashtuka. Mimi nilifungasha raba pea mbili, bukta na filimbi. Nilidhani tutakimbia. Nikakutana na kemia. Nikakutana na majina ya misuli marefu kuliko majina ya machifu, na kila msuli wanataka ujue unaanzia wapi, unaishia wapi na unavuta nini. Nikaingizwa chumba cha maiti za kujifunzia, nikashika mkono wa mtu ambaye aliwahi kuwa na mama yake, nikaonyeshwa kamba nyeupe zinazokunja vidole. Jioni ile nilikaa nikikunja na kukunjua vidole vyangu kwa mshangao kama mtoto mchanga. Filimbi haikutoka kwenye begi muhula mzima.

Kwa hiyo kijana asiyependa sayansi asidanganywe na neno mazoezi. Na kijana anayependa sayansi lakini hapendi watu, naye atafute kozi nyingine. Zipo nyingi.

Mtu aliyenifundisha kazi hii alikuwa mhadhiri mmoja, Dokta Salma, mama mfupi wa Tanga aliyewahi kucheza netiboli mpaka goti likamkatalia. Siku ya kwanza maabara alituonyesha mashine ya kukimbilia. Mimi nimekulia kwenye vilima, nikaitazama ile mashine kwa dharau. Nikaipanda ikiwa tayari inakwenda. Ikanitema kama mbegu ya chungwa, nikaishia ukutani.

Dokta Salma akanitazama pale chini, akainua kalamu.

"Mapigo ya moyo uliandika kabla hujaanguka?"

"Hapana, Dokta."

"Basi utapanda tena. Hapo umeanguka bure."

Ndivyo alivyokuwa. Akiisha kukucheka, anakunyanyua, anakuonyesha. Ni yeye aliyenifundisha kupima mapigo kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kamwe si kwa dole gumba, maana dole gumba lina mapigo yake lenyewe na unaweza kujipima mwenyewe ukidhani umempima mgonjwa. Akanifundisha nisihesabu tu. "Hesabu hata mashine inajua," alisema. "Wewe sikiliza mwendo. Je, moyo unatembea sawasawa au unachechemea?" Tulipimana sisi kwa sisi mpaka tukajua mioyo ya darasa zima.

Alikuwa na neno jingine: usimpe mtu zoezi kabla hujaijua jana yake. Neno hili sikulielewa hadi nilipopelekwa mafunzo kwa vitendo, nikaomba kuja huku kwetu, nikapangiwa shule moja Msangano. Nilikwenda na programu yangu nzuri imechapwa: kutembea kwa mwendo wa haraka, kuzunguka uwanja, kunyoosha viungo, kuzunguka tena. Kule bondeni Momba jua linachoma tangu asubuhi, na watoto wengi wa pale ni wa wafugaji. Tukazunguka, nikazunguka nao, nikahema, nikawapa pongezi, nikawaambia wakae kivulini. Msichana mmoja akanyoosha kidole kwa adabu zote.

"Mwalimu, mazoezi yanaanza saa ngapi?"

Walikuwa wameshatembea na ng'ombe tangu alfajiri, wakatembea tena kuja shule. Kutembea kwao ni kama kupumua. Nikaikunja programu. Kesho yake tukafanya kuruka, kudaka, kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, na hapo ndipo nao wakahema, tena kwa kicheko.

Siku hizi naona vijana wengi mmevaa saa inayopima mapigo na hatua na usingizi. Saa nzuri. Wajukuu zangu waliniletea moja, naivaa. Lakini saa haimuulizi mtu analalaje. Haioni soksi zimekaza kifundo cha mguu. Sizisemi kwa wivu. Nasema hivyo kwa sababu ya mtu mmoja wa Tunduma, ambaye kama kuna jambo moja mtalichukua kwangu, chukueni la kwake.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anafanya utafiti. Wenzangu walichagua wachezaji wa mpira. Mimi nikasema, huko kwetu wanamichezo wakubwa hawachezi mpira, wanabeba mizigo mpakani. Nikataka kujua moyo wa mtu anayeshinda akipakua saruji na mahindi, tena yale magunia ya lumbesa yaliyofurika mpaka yameota nundu, unatulia upesi kiasi gani akipumzika. Dokta Salma akafurahi. Akanikumbusha jambo moja: kila mtu nitakayempima nimuahidi kwamba habari zake ni zake, na jina lake halitatoka.

Nikashuka Tunduma. Malori yamejipanga barabarani, madereva wamelala chini ya matela, watu wanauza na kununua kwa Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na vidole. Kundi moja la wabeba mizigo lilikuwa chini ya nyapara aitwaye Bwana Silwimba, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuhubiri. Nikamweleza shida yangu.

"Pima, mwalimu," akasema. "Ila ukimkuta mwenye moyo mbovu uniambie nimtoe. Sitaki mtu anifie na mzigo wa mteja kichwani."

"Bwana Silwimba, majina sitoi. Hata kwako."

Akacheka akidhani natania. "Haya, pima."

Vijana wenyewe hawakutaka. Walinisalimia kwa Kibemba "Mulishani, mayo," yaani hujambo mama, kwa utani kana kwamba ni mteja wa ng'ambo ya mpaka, lakini nikitoa kipima moyo wanapotea. Aliyeniokoa ni mmoja aitwaye Simbeye; ruhusa ya kumtaja alinipa mwenyewe baadaye. Pale hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Kreni. Mtu mrefu, mabega kama mlango, anabeba mifuko miwili ya saruji wenzake wakibeba mmoja, huku anapiga mluzi. Akasogea, akavua shati mbele ya wote.

"Mnaogopa kupimwa na mama? Mwalimu, anza na mimi. Nikimaliza hao watapanga foleni."

Zoezi lenyewe ni jepesi. Niliweka kreti imara ya mbao, mtu anapanda na kushuka kwa mwendo mmoja kwa dakika chache, anakaa, napima mapigo, nasubiri, napima tena. Moyo mzima hushuka upesi, kama baiskeli iliyoachwa kukanyagwa. Kreni akapanda, akashuka, akiwafanyia wenzake madaha. Akakaa. Nikashika mkono wake.

Mapigo hayakushuka. Na hayakuwa sawa. Yalikwenda kama kuku anayedonoa mtama: mara haraka haraka, mara anasita, mara anarudi kwa pupa. Nikadhani ni mimi. Nikahamia shingoni. Vilevile. Nikaweka kipima moyo kifuani, na badala ya milio miwili safi nikasikia kitu kikivuma katikati, kama upepo chini ya mlango.

"Vipi, mwalimu? Si chuma hicho?"

"Kaa kidogo, upumzike," nikamwambia, na uso nikaufanya wa kawaida. Wenzake wakajipanga kama alivyosema. Nikawapima wote waliokuwapo, na kila moyo ulishuka kama kitabu kinavyosema. Kesho yake nikampima Kreni tena kabla hajaanza kazi, na mchana nikampima mara nyingine. Jibu lile lile. Nikamwomba tukae kwa mama ntilie aliyekuwa nyuma ya maghala, tukaagiza chai.

"Usiku unalalaje, kaka?"

"Nalala."

"Unalala chali?"

Akakoroga chai muda mrefu. "Naegemea ukuta. Nikilala chali pumzi inakata."

Nikatazama miguu yake. Soksi zilikuwa zimeacha mfereji juu ya kifundo.

"Ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

"Nani kakwambia?" Akaacha kijiko. "Mwalimu, ulisema majina hayatoki."

"Hayatoki."

"Basi na langu lisitoke." Akanyanyuka, akaenda kubeba. Nikamwona kwa mbali akiinamisha shingo wenzake wampandishie mfuko, na chai yangu nikaiacha nusu.

Nikampigia simu Dokta Salma. Nilitaraji aniambie niwe jasiri nikamwambie nyapara, au aniambie niachane naye niendelee na utafiti. Hakuniambia lolote kati ya hayo.

"Siri ni yake," akasema. "Lakini na habari ni yake vilevile, na wewe umempa nusu tu. Umemuuliza maswali, hukumwambia ulichosikia. Mrudie, umpe yote. Na usijifanye daktari."

Kabla sijapata nafasi, Bwana Silwimba akanisimamisha. Safari hii hakuwa na uso wa utani.

"Nasikia Kreni umempima zaidi ya wenzake. Ana nini?"

"Kamuulize mwenyewe, Bwana Silwimba."

"Nakuuliza wewe. Mimi ndiye niliyekuruhusu hapa."

"Nakushukuru kwa ruhusa. Jina la mtu sitoi."

Akanitazama kama anayepima uzito wa gunia. "Basi kesho usije."

Vijana wangu, pale nilikuwa bado sijapima hata nusu ya watu niliowahitaji. Shahada yangu yote, miaka ile, kemia ile, ukuta ule wa maabara, vilikuwa vimesimama juu ya kundi lile. Nikafungasha kreti yangu. Sikujisikia shujaa. Lakini miguu ilikuwa inajua pa kwenda, nikauliza njia mpaka nikafika kwa Simbeye, mtaa wa Sogea, jua likiwa bado juu.

Alikuwa amekaa kibarazani, mkewe anachambua maharage pembeni. Nikaomba ruhusa niseme mbele ya mama. Akaashiria kwa kidevu kwamba niseme. Nikamwambia yote: mapigo yanavyochechemea, mvumo niliousikia, miguu, usingizi wa ukutani.

"Mimi si daktari," nikamaliza. "Ugonjwa siujui jina. Ninachojua ni kwamba moyo haupaswi kupiga hivyo, na moyo unaopiga hivyo haupaswi kubeba saruji. Nenda hospitali kubwa Mbeya wakuangalie."

Mkewe akaweka ungo chini. "Mimi nimesema mpaka nimechoka. Mtu analala ameketi kama mlinzi! Ananiambia ni mbu."

Simbeye hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na nisipobeba, hawa wale nini?"

Ningeweza kumwambia Mungu yupo. Ningeweza kumwambia atapata kazi nyingine. Nilichomwambia ni kweli tupu. "Sijui, Simbeye. Hilo sikusomea."

Maharage yakabaki kwenye ungo. Mwisho mkewe akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni. "Kesho tunapanda basi la asubuhi," akasema. "Na mwalimu anakwenda na sisi."

Tulikwenda. Madaktari wakatazama moyo wake kwa ile mashine ya picha, wakatueleza kwamba mlango mmoja wa moyo uliharibika tangu utotoni, kwa ule ugonjwa wa koo ambao haukutibiwa, na kwamba kila mfuko aliobeba uliuongezea mzigo. Dawa zipo, za kila siku. Kubeba, basi. Angeendelea, siku moja angeanguka na mzigo kichwani. Njia nzima ya kurudi Simbeye alitazama dirishani. Vwawa tukapita, Mpemba tukapita. Tuliposhuka alimshika mkewe mkono, wakaondoka. Hakuniaga.

Alikwenda kumwambia nyapara mwenyewe, na siku hiyo hiyo akatolewa kundini.

Mimi nikarudi chuoni na utafiti mwembamba. Mbele ya jopo mhadhiri mmoja akaniuliza mbona watu ni wachache namna hii. Nikajibu kwamba nilitakiwa kutaja jina la mtu, nikakataa, nikafukuzwa. Akasema hiyo ni sababu nzuri lakini takwimu hazijui sababu. Alikuwa sahihi. Nikapata alama ya kawaida kabisa, alama ambayo haimfanyi mtu ageuke nyuma. Naijivunia mpaka leo, na nimeitundika sebuleni mnapokunywa chai.

Nikaajiriwa sekondari hapa Vwawa. Nimefundisha, nimepanga timu, nimewanyoosha migongo madereva wanaolala kwenye foleni, nimewakataza makocha kuwanyima watoto maji. Kila mzazi aliyeniletea mtoto anayeumwa koo na magoti nimemkimbiza hospitali bila kumruhusu hata aketi. Hiyo ndiyo ajira mnayoniuliza. Popote penye watu wenye miili, kazi ipo. Kinachotafutwa ni mtu wa kuijua.

Lakini Tunduma nilikuwa nikienda sokoni nampita Simbeye. Alikuwa amepata kazi ya kushona viroba vinavyopasuka wakati wa kupakua, amekaa kwenye kigoda na sindano yake kubwa. Namsalimia, anainamia sindano. Mwanzoni liliniuma. Baadaye nikaelewa. Nilimkuta akiitwa Kreni, nikamwacha amekaa kwenye kigoda. Kwamba yu hai haikuwa lazima anipende kwa hilo. Nawaambia mapema ili mjue: katika kazi hii kuna watu mtawafaa na hawatawashukuru, na mtaendelea kuwasalimia.

Miaka ikapita. Siku moja ya likizo nilikuwa uwanjani shuleni nachora mistari ya chokaa, nikaona mtu mrefu anaingia getini polepole, ameongozana na msichana wa sare ya shule ya msingi. Mabega yale sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, mwalimu," msichana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Simbeye."

Hakupoteza maneno. "Amechaguliwa kukimbia mashindano ya mkoa. Mama yake amekubali. Mimi nimesema apimwe kwanza."

"Ungempeleka hospitali, wao wana vifaa."

"Tumetoka huko jana. Wamesema mzima." Akakohoa kidogo. "Nataka nisikie na kwako."

Nikatoa benchi darasani. Msichana akapanda na kushuka, mwepesi kama mbuzi wa Ileje. Baba yake aligeuka, akatazama ukuta mpaka mwisho. Nikashika mkono wa mtoto, nikasikiliza mwendo. Nikasubiri, nikashika tena. Yalikuwa yameshashuka, na yalikwenda kwa mstari mmoja, sawasawa.

"Simbeye, geuka."

"Yakoje?"

Nilimvalisha kipima moyo masikioni, na kile kisahani chake nikakiweka kifuani kwa mtoto. Akainama, mtu mzima yule, akafumba macho. Msichana akaanza kucheka kwa kutekenywa, halafu akaona uso wa baba yake, akanyamaza. Baba alisikiliza muda mrefu sana. Mimi nilimwacha.

"Ndivyo unavyotakiwa kulia?" akauliza, macho bado ameyafumba.

"Ndivyo."

Akasikiliza tena kidogo, kisha akavua kile kipima moyo taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Basi akimbie," akasema.